Milima ya Moto Iliyo Chini ya Bahari, na Jinsi Inavyopimwa

(Na Mwanafunzi wa Zamani)

Mhariri aliponiomba niandike juu ya kazi yangu ya upimaji wa ardhi, niliona kwamba wanafunzi wengi wamekwisha yaona mawe ya mipaka na chombo chetu chenye miguu mitatu, wala hawana haja ya kuambiwa zaidi. Basi nimechagua kuandika habari za wapimaji wenzetu ambao hawaioni kamwe ardhi wanayoipima, yaani wapimaji wa sakafu ya bahari. Sisi wa Uganda tuko mbali na bahari, na wengi wetu hudhani kwamba chini yake ni tambarare tupu, kama sakafu ya bwawa. Sivyo hivyo. Huko chini kuna milima, mabonde, magenge na mashimo ya volkeno, mengine makubwa kuliko yale tuyajuayo hapa kwetu. Tena, kati ya mwaka 2018 na 2021 lilitokea jambo kubwa katika bahari ya upande wetu wa Afrika, nalo linaonyesha vizuri faida ya ramani iliyochorwa mapema.

KISIWA NI KILELE CHA MLIMA

Visiwa ni vya namna mbili. Vingine ni vipande vya bara. Unguja, kwa mfano, imetengwa na bara kwa maji yasiyo na kina kikubwa, na zamani sana, bahari ilipokuwa imeshuka, mtu angaliweza kuvuka kwa miguu. Visiwa vingine havikuungana na bara lo lote tangu kuwako kwake. Hivi vilijengwa na volkeno kutoka sakafu ya bahari, tabaka juu ya tabaka ya lava, hata kilele kikatokea juu ya maji.

Ngazija katika visiwa vya Komoro ni kisiwa cha namna hii. Mlima wake, Karthala, una mita 2,361 juu ya bahari, nao ungali hai: mwaka 1977 lava yake iliteremka ikakiharibu kijiji cha Singani. Lakini bahari inayokizunguka kisiwa hicho ina kina cha kiasi cha mita 3,000. Basi tukiupima mlima huo tangu mguuni mwake, una zaidi ya mita 5,000, karibu sawa na Ruwenzori yetu yenye mita 5,109. Kule Hawaii mlima wa Mauna Kea una mita 4,207 juu ya maji. Lakini ukipimwa tangu sakafu ya bahari unapita mita 9,000, yaani unaushinda hata Everest kwa urefu wa kiwiliwili chake.

Kwa hiyo mtu mwenye ramani ya kisiwa peke yake ni kama mtu aliyeiona kofia, akadhani amemwona mwenye kofia. Sehemu kubwa ya mlima imo majini, na huko majini kuna watoto wake: volkeno ndogo, mikondo ya lava iliyoganda, na vifusi vya maporomoko ya kale.

BILDI NA KAMBA

Mabaharia tangu zamani walijua kutia bildi, yaani kushusha kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, wakahesabu pima zilizozama. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyoshwa, kama futi 6. Njia hii yafaa sana karibu na bandari, ambako nahodha ataka kujua tu kama chombo chake kitapwelewa. Katika bahari kuu ni taabu kubwa. Meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia tangu 1872 hata 1876 kwa ajili ya elimu ya bahari. Mwezi wa Machi 1875, katika bahari ya Pasifiki, mabaharia wake walishusha kamba hata ikafika pima 4,475, yaani mita 8,184. Kushusha na kuvuta kamba kama hiyo ni kazi ya saa nyingi. Katika miaka yote ile ya safari walipima mahali 492 tu pa kina kirefu. Hebu mfikirie mtu achorae ramani ya Afrika nzima baada ya kupima kimo cha mahali 492! Angaliweza kupita kati ya Elgon na Kilimanjaro asijue kwamba kuna mlima hata mmoja.

MWANGWI

Mambo yaligeuka watu walipojifunza kupima kwa sauti. Kila mtoto aliyechunga mbuzi penye mawe makubwa anajua kwamba akipiga kelele mbele ya genge, sauti humrudia. Genge likiwa mbali, sauti hukawia. Likiwa karibu, hurudi upesi. Chombo cha kupimia kina hutumia kanuni hiyo hiyo. Kilichofungwa chini ya meli hutoa mlio, mlio huo hushuka, hugonga sakafu, kisha hurudi. Sauti katika maji ya bahari huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Hesabu yake ni nyepesi:

Kina = mwendo wa sauti × muda ÷ 2.

Twagawanya kwa mbili kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, basi kina ni 1,500 × 4 ÷ 2, yaani mita 3,000. Meli ya Kijerumani iitwayo Meteor ilitumia njia hii katika Atlantiki ya kusini tangu 1925 hata 1927, ikapima mahali zaidi ya 67,000. Linganisheni hesabu hiyo na ile 492 ya Challenger, nanyi mtaona maana ya chombo kipya.

Hata hivyo chombo hicho kilipima mstari mmoja tu chini ya meli. Vyombo vya sasa hutoa mamia ya mionzi ya sauti kwa mara moja, imepangwa kama kipepeo cha ukindu kilichofunguliwa, mingine ikielekea chini kabisa na mingine pande za kulia na kushoto. Meli ikienda mbele, yaacha nyuma yake ukanda mpana uliopimwa wote. Kisha hugeuka na kurudi kando ya ukanda wa kwanza, kama mkulima apigaye matuta shambani, mpaka eneo zima limekwisha.

Msidhani kazi imekwisha hapo. Mpimaji wa bahari ana shida tatu ambazo sisi wa nchi kavu hatuzijui. Ya kwanza, mwendo wa sauti si mmoja kila mahali: hubadilika kwa joto, kwa chumvi, na kwa mgandamizo wa maji. Kwa hiyo ni lazima kushusha chombo cha kupima mambo hayo, la sivyo ramani nzima itapotoka. Ya pili, meli haitulii. Hulala upande huu na upande huu, na kila kuyumba kwake ni lazima kupimwe na kuondolewa katika hesabu. Ya tatu, mwonzi wa sauti hupanuka kadiri unavyoshuka. Mwonzi wenye upana wa digrii 1, ukifika kina cha mita 3,500, hufunika mahali penye upana wa mita 60 hivi. Basi nyumba moja, hata ghorofa, haiwezi kuonekana. Lakini mlima hauwezi kujificha.

KUSOMA MAUMBO

Ramani ikiisha kuchorwa, kazi ya pili ni kuisoma. Kilima cha mviringo chenye mteremko sawa pande zote, na pengine shimo kileleni, ni volkeno. Ukingo mrefu wenye vilima vingi vilivyopangwa mstari mmoja huonyesha ufa ambao lava ilipandia. Mlima wenye kilele bapa kama meza huenda ulikuwa kisiwa zamani, mawimbi yakaukata kichwa, kisha ukazama. Profesa Harry Hess wa Marekani aliyaona maumbo hayo katika Pasifiki wakati wa vita vikuu vya pili, kwa kuwa aliacha chombo cha mwangwi kikifanya kazi safarini. Akatangaza habari zake mwaka 1946. Tena, mahali penye vifusi vilivyotapakaa mbali na kisiwa, huenda ubavu wa kisiwa uliporomoka siku za kale. Pande zote za visiwa vya Hawaii kumeonekana maporomoko kama hayo, na baadhi ya mapande yake ni makubwa kama milima.

Si umbo tu lisomwalo, bali na nguvu ya mwangwi. Lava mpya ni ngumu na yenye makunyanzi, nayo huirudisha sauti kwa nguvu. Matope laini yaliyotua kwa miaka mingi huimeza. Kwa hiyo mpimaji hodari aweza kutofautisha lava ya juzi na lava ya kale, ingawa zote mbili zimo gizani chini ya maji.

HABARI YA MAORE

Sasa nije kwenye jambo nililoahidi. Kati ya Madagaska na pwani ya Msumbiji kiko kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Kwa utawala ni sehemu ya Ufaransa. Watu wake wengi husema Kimaore, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili. Kisiwa hicho ni volkeno ya kale iliyozungukwa na mwamba wa matumbawe, na katika sehemu yake ya Pamandzi liko ziwa la shimo la volkeno, kama yale maziwa yetu ya Katwe na Bunyaruguru. Kwa maelfu ya miaka volkeno ya nchi kavu ilikuwa imelala, wala hakuna mzee aliyesimuliwa na babu yake kwamba iliwahi kuwaka.

Tarehe 10 Mei 2018 ardhi ikaanza kutetemeka. Tarehe 15 Mei likaja tetemeko la nguvu ya karibu 5.9, kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa katika visiwa hivyo. Matetemeko yakafuatana kwa mamia. Watu wengi wakaogopa kulala ndani, wakalala nje. Fikirini hali yao. Mtu wa Goma akitishwa na Nyiragongo, humwona adui yake: usiku mwanga mwekundu u juu ya kilele. Watu wa Maore hawakuona moto wala moshi. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari, kwa maana vyombo vya kupimia matetemeko vilikuwa vichache mno kisiwani, wala wataalamu wenyewe hawakuweza kusema sawasawa kiini kiko wapi.

Kidogo kidogo dalili zikakusanyika. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kisiwa kizima kilikuwa kikisogea mashariki na kuzama: baadaye ikaonekana kimesogea zaidi ya sentimita 20, na kuzama baina ya sentimita 10 na 20. Kisha, tarehe 11 Novemba 2018, mtikisiko wa namna ya ajabu, wa polepole na wa mdundo mmoja, ulidumu kiasi cha dakika 20. Hakuna mtu aliyeusikia mwilini mwake, lakini vyombo viliupokea katika Kenya, Zambia na Ethiopia, hata Chile, New Zealand na Hawaii. Ardhi ilikuwa ikisema, lakini hapakuwa na aliyejua mahali isemapo.

Mwezi wa Mei 2019 meli ya uchunguzi iitwayo Marion Dufresne ilikwenda kupima bahari ya mashariki ya kisiwa. Hapo ndipo ilipopatikana siri. Kilomita 50 kutoka Maore, mahali penye kina cha kiasi cha mita 3,500, palikuwa na mlima mpya wa karibu mita 800, wenye upana wa kilomita 4 hadi 5 chini. Juu ya kilele chake ulikuwapo mnara wa maji yaliyochafuka kwa gesi na chembe za mawe, uliopanda karibu mita 2,000 bila ya kufika juu ya bahari. Ndiyo maana hapana mvuvi aliyeona cho chote.

Lakini walijuaje kwamba mlima ule ni mpya? Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Mwaka 2014, idara ya Ufaransa ya upimaji wa bahari ilikuwa imepima eneo lile lile kwa mwangwi. Wakati huo hapakuwa na tetemeko, wala hofu, wala mtu aliyekuwa akitafuta volkeno. Walipima kwa kuwa ni kazi yao kupima. Ilipowekwa ramani ya 2014 kando ya ramani ya 2019, mahali ambapo palikuwa pamekaa bapa sasa palikuwa na mlima. Toa ramani ya zamani katika ramani mpya, nacho kibakicho ndicho volkeno iliyozaliwa. Bila ya karatasi ile ya kwanza, mlima ule ungeonekana kama kilima kimoja tu kati ya vilima vingi vya zamani vilivyopangwa mstari kutoka Maore kuelekea huko, na ubishi ungaliendelea.

HESABU YA MLIMA

Wapenzi wa hesabu na waufanye mlima ule kuwa umbo la pia iliyogeuzwa juu chini, yenye kipenyo cha kilomita 5 na kimo cha kilomita 0.8. Ujazo ni theluthi moja ya 22/7 mara mraba wa nusu kipenyo mara kimo:

1/3 × 22/7 × 2.5 × 2.5 × 0.8 = kama 5.2.

Wataalamu, waliotoa ramani moja katika nyingine kwa kompyuta, walipata kiasi cha kilomita za ujazo 5 kwa lava yote iliyotoka mpaka Mei 2019. Hesabu yetu ya darasani haiko mbali. Lava iliendelea kutoka, na jumla ikafika kama kilomita za ujazo 6.5. Baada ya Januari 2021 safari zilizofuata hazikuona lava mpya. Mlima umepewa jina la Fani Maoré, na mwaka huo huo wa 2019 ukaanzishwa mpango wa kudumu wa kuangalia matetemeko, gesi na sakafu ya bahari ya huko. Uangalizi huo una sababu: matetemeko mengi yalikuwa karibu na kisiwa kuliko mlima mpya ulivyo, na gesi imeonekana ikitoka sakafuni kiasi cha kilomita 10 tu kutoka Pamandzi.

SOMO LA TONGA

Jambo kama hilo lilionekana tena huko Pasifiki. Tarehe 15 Januari 2022 volkeno ya Hunga iliyo chini ya bahari katika Tonga ililipuka kwa nguvu kubwa mno. Waya wa baharini uliounganisha Tonga na dunia ulikatika, na nchi ile ikakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla haujatengenezwa. Miaka michache kabla ya hapo wapimaji walikuwa wamelipima shimo la kileleni, wakakuta sakafu yake iko kiasi cha mita 150 chini ya maji. Meli zilipopima tena mwaka 2022, sakafu ile ilikuwa imeshuka hata mita 850 hivi. Tena wakaona kwamba mawe na majivu yalikuwa yameteremka na kutambaa mbali juu ya sakafu ya bahari, na ndiyo yaliyozikata waya. Haya nayo yalijulikana kwa kulinganisha ramani mbili.

FAIDA KWETU

Katika kazi yangu nimeona mara nyingi ndugu wawili wakigombana juu ya mpaka wa shamba. Kila mmoja ana mashahidi, kila mmoja ana machozi. Mwisho huletwa ramani ya zamani, jiwe la mpaka likachimbuliwa katika majani, na ugomvi ukaisha. Aliyelizika jiwe lile hakuwajua wagomvi hao. Labda walikuwa hawajazaliwa. Lakini kazi yake ndiyo iliyowapatanisha. Wapimaji wa mwaka 2014 waliwafanyia watu wa Maore wema wa namna hiyo hiyo. Hawakuzuia volkeno, kwa maana hapana awezaye. Lakini waliwapa watu jibu la kweli mahali pa uvumi, na mtu ajuaye jambo linalomtisha liko wapi na ni kubwa kiasi gani aweza kupanga shauri lake.

Mwezi wa Juni 2024 ilitangazwa kwamba sehemu ya sakafu ya bahari za dunia iliyopimwa vizuri kwa njia za kisasa ni kiasi cha asilimia 26 tu. Robo tatu zilikuwa zingali zangoja. Setilaiti zaweza kukisia milima mikubwa kwa kuona jinsi maji ya juu yanavyovutwa na uzito wake, lakini hazionyeshi umbo lake kwa usahihi. Kazi hiyo itakuwa ya vijana, na haiwakatazi vijana wa nchi zisizo na pwani. Mahitaji yake ni hesabu, fizikia, jiografia, na uvumilivu wa kupima leo kitu ambacho faida yake itaonekana kesho kutwa. Nasi tuna maziwa yetu. Mwangwi hauchagui maji ya chumvi wala maji baridi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwangwi unarudi baada ya sekunde 4.6. Ikiwa sauti huenda mita 1,500 kwa sekunde, kina ni mita ngapi?

2. Mpimaji ametumia mwendo wa mita 1,500, kumbe mwendo wa kweli mahali pale ni mita 1,480. Je, kina alichokiandika ni kikubwa mno au kidogo mno? Kwa asilimia ngapi?

3. Funga jiwe dogo kwenye kamba yenye mafundo ya kila nusu mita. Pamoja na mwenzako na mtu mzima ajuaye kuogelea, pimeni bwawa lililo karibu katika mistari mitatu, mkachore mistari ya kina sawa. Andikeni tarehe juu ya ramani yenu na kuiweka katika maktaba ya shule. Baada ya miaka mitano mwanafunzi mwingine na apime tena, apate kuona kama tope limeongezeka na kwa kiasi gani.